Naomba ushauri: kinda la shomoro liko chini, nimwache au nimsaidie?

Habari zenu ndugu. Kuna shomoro wamejenga chini ya paa la nyumba, na sasa makinda wameanza kujifunza kuruka. Nawatazama kwa mbali na wananivutia mno. Mama anatua tawini na mdudu mdomoni, haingii kiotani, anawaita tu mpaka wenyewe wajitose. Wengine wameshafika ukutani. Mmoja yuko majanini, na huyo ndiye anayenipa mawazo.

Ana manyoya mwili mzima, mkia bado mfupi, pembe za mdomo ni njano. Anapiga mbawa kwa nguvu lakini hafiki hata usawa wa goti. Ninavyofahamu, kinda wa hivi hajapotea: wazazi huendelea kumlisha hukohuko chini kwa siku kadhaa. Aliye na ngozi tupu ndiye wa kurudishwa kiotani. Na ile habari kwamba mzazi humkataa kinda aliyeguswa na mtu si kweli.

Shida ni paka. Wetu nimemfungia ndani, ila wa jirani anapita anapotaka. Nikimpandisha kinda kichakani, wazazi watamfuata? Nikae umbali gani ili wasiogope kuja? Na giza likiingia yuko bado chini, nifanyeje?

Maziwa na mkate sitampa, yanawadhuru, kwa hiyo hilo tuliache. Mliowahi kukutana na hali hii naomba mnijibu mapema, jioni inakaribia.