Bahari yangu ya foronya imekuwa buluu tupu: naomba ushauri wa rangi na mishono

Mwanzisha uzi, Mbeya
Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninadarizi kwa mkono foronya mbili za kumpa mdogo wangu, ambaye anaolewa Tanga mwezi wa nane. Nimechora mawimbi matatu, ngalawa iliyotweka tanga, na samaki wawili pembeni mwa matumbawe. Nilinunua Mwanjelwa mafungu matano ya uzi wa buluu ambayo jioni ile, chini ya taa ya duka, niliyaona yakitofautiana vizuri, lakini nilipoyatandaza mchana juu ya kitambaa cheupe, manne yalikuwa karibu rangi moja. Wimbi la kwanza nimekwisha kulijaza lote, nalo limelala pale kama kiraka cha sare ya shule, tena kitambaa kimejikunja pembezoni mwake. Bahari nimeiona mara moja tu maishani, kwa siku mbili. Nichague rangi zipi, na mishono ipi itakayoyafanya maji yaonekane yanatembea?

Mzaliwa wa Kilwa, sasa Iringa
Hongera kwa mdogo wako, dada. Umenunua buluu nyingi kwa sababu watu wa bara mnaambiwa kwamba bahari ni ya buluu, jambo ambalo ni kweli kwa mbali tu. Ukisimama ufukweni, maji yaliyo miguuni pako hayana rangi, na unachokiona ni mchanga. Hatua kadhaa mbele ni kijani kilichopauka, kwa kuwa mwanga unagonga mchanga mweupe na kurudi juu. Na ukishauvuka mwamba, kule kilindini, maji yanakuwa ya nili inayokaribia weusi. Kwa hiyo baki na buluu moja kati ya zile nne, kisha ongeza malai, kijani cha maji, samawati na nili. Nili ikae juu, mbali na mtazamaji, na rangi zipauke kadiri unavyoshuka. Kabla ya kushona, laza nyuzi zote pamoja dirishani, zipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe: nyuzi mbili zikionekana sawa hapo, hazitatofautiana vizuri hata kwenye foronya.

Fundi wa Mafinga
Nakubaliana na rangi hizo, ila tatizo kubwa naliona kwenye mshono. Wimbi halijazwi. Acha kitambaa cheupe kipumue katikati ya mistari, na mistari yenyewe uishone kwa ule mshono ambao kila hatua inaanzia ubavuni mwa hatua iliyotangulia, ukatoka umesokotana kama kamba. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo sita. Tumia tatu kwa wimbi la mbele, mbili kwa la kati, na moja kwa la mbali, nawe utauona umbali hata kabla ya kubadilisha rangi. Mgongo wa wimbi upige mshono wa mnyororo, ule wa vitanzi vinavyoshikana. Povu ni vifundo: zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, uvute kwa mkono wa kushoto ubane, kisha rudisha sindano kando kidogo ya tundu ilikotokea, kwa sababu ukiirudisha kwenye tundu lilelile kifundo chote kinazama upande wa pili. Usivitawanye kama chumvi. Vikusanye pale wimbi linapovunjika.

Kujikunja kunatokana na kuvuta uzi kwa nguvu, hasa kama hutumii fremu. Kumbuka pia kwamba foronya inalaliwa: mshono wa kujaza ukizidi sentimita moja utanaswa na hereni. (Asubuhi za Juni huku kwetu vidole havikunjiki, mimi vifundo ninaviacha hadi saa sita mchana.)

Mwalimu, Tukuyu
Naomba msisahau samaki. Mtu anapozama, nyekundu ndiyo rangi inayofifia kwanza, hivyo samaki wa kilindini asiwe mwekundu.

Fundi wa Mafinga
Mwalimu, hiyo ni foronya ya bibi harusi. Bila nyekundu kidogo kwenye matumbawe, kitanda kizima kitaonekana kimepigwa baridi. Ila uzi mwekundu uloweke kwanza, kisha uukandamize kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha alama, usiutumie kabisa.

Mzaliwa wa Kilwa
Matumbawe yake yako kwenye maji mafupi, kwa hiyo nyekundu inaruhusiwa. Mkubaliane tu.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Nimelifumua wimbi la kwanza usiku wa jana; matundu ya sindano yalibaki, nikalowanisha kitambaa na kukisugua kwa ukucha, yakajifunga karibu yote. Picha ya simu imenibakizia buluu moja, kama alivyosema ndugu wa Kilwa. Uzi mwekundu nimeuloweka, na maji yamekuwa kama ya rosela, kwa hiyo kesho narudi Mwanjelwa, safari hii saa nne asubuhi, nami nitatoka na nyuzi hadi nje kwenye jua kabla ya kulipa.