Nyumba ya kulea watu wazima wenye ulemavu wa akili, Kisumu: nikague nini kabla ya kumpeleka kaka?

Dada wa Kondele

Habari zenu. Kaka yangu ana miaka 38, ana ulemavu wa akili na kifafa. Anatumia karbamazepini asubuhi na jioni. Maneno yake ni machache. Anakula na kuvaa mwenyewe akielekezwa, lakini kuoga na kwenda chooni anahitaji mtu. Tumepata nyumba upande wa Mamboleo yenye wakazi sita, walezi wawili mchana na mmoja usiku. Vitanda ni visafi na mwenye nyumba anaongea vizuri, ila sitaki kuamua kwa hayo. Nikirudi mara ya pili nitazame nini hasa?

Nesi wa Zamu

Dada, anzia kwenye daftari la dawa. Kila mkazi awe na ukurasa wake: jina, dawa, kipimo, saa na sahihi ya aliyempa. Ukifika saa nane mchana ukakuta dozi ya jioni imeshatiwa sahihi, ujue daftari hilo linaandikwa kwa ajili ya wageni. Kalamu moja na mwandiko mmoja wiki nzima ni dalili ile ile, maana hakuna mlezi anayeshika zamu zote siku saba.

Kisha hesabu vidonge. Mtu wa vidonge viwili kwa siku aliyeletewa 60 tarehe mosi, asubuhi ya tarehe 12 kabla hajameza anapaswa kuwa na 38. Vikiwa 45, amekosa dozi saba. Vikiwa 30, vinane vimepotelea mahali, na mara nyingi vimeenda kwa mkazi mwingine ambaye dawa yake iliisha. Uliza wanaagiza dawa nyingine lini. Nyumba nzuri huagiza zikiwa zimebaki za siku kumi. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla mtu anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka katikati, na hapo maisha yako hatarini.

Halafu zungumza na mlezi wa usiku mwenyewe, usikubali mwenye nyumba amjibie. Muulize: mtu akishikwa saa nane usiku, unafanya nini? Unataka kusikia kwamba anatazama saa, anaondoa vitu vya kumuumiza, hamshikilii kwa nguvu, hatii kijiko mdomoni, na mtetemo ukipungua anamlaza ubavu. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Sasa uliza gari litatoka wapi na wale watano wengine wanabaki na nani. Mlezi mmoja usiku ndio udhaifu mkubwa wa nyumba uliyoieleza. Lazima awepo wa pili anayelala umbali wa kutembea, na simu yake ipokelewe.

Jambo la Kisumu hasa ni malaria. Neti kila kitanda, na homa ipimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu homa yenyewe huweza kuamsha kifafa na kaka hawezi kusema kichwa kinauma. Mlezi ajue pia kumwambia daktari kwamba mgonjwa anatumia karbamazepini: inapunguza nguvu ya AL, hizi dawa za kawaida za malaria. Liandikwe kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wake.

Mlezi Lanet

Nesi amesema vyema. Mimi naongeza choo na meza.

Uliza daftari la choo. Kufunga choo kunaweza kumuua mtu asiyeweza kusema tumbo linamuuma, na huanza kimya kimya. Siku ya tatu bila choo, hatua ichukuliwe: maji, papai bivu, maharagwe, kutembea, na dawa ya kulainisha iliyoandikwa na daktari. Kosa ninaloliogopa zaidi ni hili: choo kigumu kikiziba, majimaji hupenya pembeni, mlezi anaona ni kuhara na anatoa dawa ya kuzuia. Hapo ameziba kabisa. Wanaotumia benzheksoli, ile dawa ya kupunguza mtetemeko unaoletwa na dawa za akili, wachungwe zaidi kwa sababu inafunga choo. Chooni kuwe na kigoda cha kuwekea miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

Mezani, fika wakati wa kula. Samaki atolewe miba kwa vidole na mtu wa pili apitie tena sahani. Ugali uje kwa matonge madogo yenye mchuzi, usiwe mkavu na omena kavu. Mtu akae wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, na anayemlisha awe ameketi. Akilishwa na mtu aliyesimama huinua kidevu, na chakula huenda njia ya hewa kirahisi. Kikohozi cha kila mlo kisizoeleke, ni cha kupeleka kwa daktari.

Piga pia hesabu ya asubuhi. Kumwogesha na kumvalisha mtu anayehitaji msaada kamili ni dakika 30 hadi 40. Wakiwa watatu wa hivyo, mlezi mmoja anamaliza karibu saa mbili nzima, mwenzake akiwa jikoni. Dawa za saa moja zinatolewa na nani? Jibu likichelewa, wawili hawatoshi.

Mwalimu wa Mumias

Hayo yote yatamweka hai, lakini ana miaka 38 na anahitaji pia kuishi. Sikiliza wanavyowaita. Mwanamume mzima akiitwa "mtoto", au kwa jina la ulemavu wake, Katiba Kifungu cha 54 imeshavunjwa: inataka aheshimiwe na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Tazama kama anaonyeshwa mashati mawili achague, kama nguo ni zake au zinavaliwa na yeyote, na kama kuna kazi ya mchana zaidi ya kuketi kwenye viti vya plastiki. Pesa zake, zikiwemo zile 2,000 za mwezi za Inua Jamii kama anapokea, ziwe na daftari lake peke yake na risiti.

Uliza pia mtu akianza kupiga kelele au kujipiga sikio wanafanya nini. Wakitaja haloperidoli, dawa ya akili inayotuliza, kabla ya kutaja jino, sikio, tumbo au mkojo, usimwache hapo. Wapelekee ukurasa mmoja unaoeleza akiumwa anafanyaje, akitaka maji anafanyaje, kitu gani humtuliza. Ubandikwe ndani ya mlango wa kabati lake.

Dada wa Kondele

Asanteni sana. Niende saa ngapi, na ni adabu kwenda bila kupiga simu?

Nesi wa Zamu

Ya kwanza piga simu. Ya pili fika tu, saa kumi na mbili na nusu jioni: chakula cha jioni, dawa, na kubadilishana zamu vyote utavikuta. Usimame karibu usikie mlezi wa mchana anamwambia nini yule wa usiku. Amtaje kila mkazi kwa jina, nani hajala, nani hajaenda choo, nani ana joto. Akisema "wote wako sawa" na kuchukua mkoba wake, endelea kutafuta nyumba.