Merope Gaunt alihukumiwa kwa kosa gani hasa?

Mwana Mikindani

Wasomaji wenzangu wa riwaya za Harry Potter, naomba tulijadili jambo ambalo limenikera tangu nilipokisoma kwa utulivu kitabu cha sita, Harry Potter and the Half-Blood Prince, kilichotoka mwaka 2005. Humo ndimo tunamokutana na Merope Gaunt, mama mzazi wa Voldemort, mchawi mwovu wa riwaya hizi. Tunamwona msichana aliyevaa matambara, anayeishi kibandani na baba yake Marvolo na kaka yake Morfin. Ofisa wa Wizara ya Uchawi akiwa ndani anazungumza na baba, chungu kinamponyoka msichana huyu mikononi. Anainama kukiokota, baba anamfokea mbele ya mgeni kwamba anagaagaa sakafuni ilhali fimbo ya uchawi anayo, naye anapojaribu kuitumia kwa mkono unaotetemeka, chungu kinafyatuka hadi ukutani na kupasuka vipande viwili. Haikupita muda, baba huyohuyo akamvuta kwa mkufu wa kidani uliokuwa shingoni mwake, nusura amnyonge, ili tu amwonyeshe mgeni kwamba wao ni uzao wa Slytherin, mmoja wa waasisi wa Hogwarts, shule ya uchawi.

Msichana huyo baadaye anaolewa na kijana Tom Riddle, anaachwa akiwa mjamzito, anauza kidani hicho London kwa Galleon 10 tu, sarafu za wachawi, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1926, theluji ikianguka, anapanda ngazi za kituo cha yatima akiyumba, anajifungua na kufariki. Harry anapoyasikia hayo anauliza kwa hasira ikiwa mama huyo hakuweza hata kubaki hai kwa ajili ya mwanawe. Dumbledore, mwalimu mkuu wake, anajibu kwamba ni kweli, Merope alichagua kifo ingawa alikuwa na mtoto aliyemhitaji, ila asihukumiwe kwa ukali mno, kwa sababu mateso ya muda mrefu yalikuwa yamemdhoofisha, na hakuwa na ujasiri wa Lily, mama yake Harry.

Ninachouliza ni kimoja. Mwanamke aliyekufa saa ile ile aliyojifungua, bila ndugu wala mume, alichagua kitu gani?

Baharia wa Tanga

Ndugu yangu, umeandika aya mbili ndefu bila kugusa limbwata hata mara moja. Tom Riddle, kijana wa watu, alikuwa akipita zake juu ya farasi, akanyweshwa dawa ya mapenzi, akaondolewa kwao, akaozeshwa mwanamke ambaye akili yake timamu isingemchagua, akazaa naye. Mwanamke aliyefanya hivyo hawezi kupewa cheo cha mama aliyeonewa. Huyu ni mmoja wa wale wanawake wa limbwata ambao sote tunawafahamu, tofauti yake ni kwamba yeye ameandikiwa riwaya.

Mama Zuhura

Kaka Baharia, hao wanawake wa limbwata ambao sote tunawafahamu ni akina nani? Naomba unijibu hilo kabla ya lolote lingine, kwa sababu huku kwetu mwanamume akimheshimu mkewe, akapeleka mshahara nyumbani na kuacha kukesha vijiweni, ndugu zake husema amelishwa. Maneno hayo yamevunja nyumba za watu, na nisingependa yapite hapa kana kwamba ni jambo linalojulikana.

Tukirudi kitabuni, wewe unayechukizwa na dawa za mapenzi umesahau kwamba riwaya hizohizo zinazichekea. Katika kitabu cha tatu, Molly Weasley, ambaye ndiye mama anayesifiwa kuliko wote, anawasimulia Hermione na Ginny jinsi alivyotengeneza dawa ya mapenzi enzi za usichana wake, na wote watatu wanachekacheka. Katika kitabu hiki cha sita, kaka zake Ron wanaziuza dukani kwao. Romilda Vane anatia dawa kwenye chokoleti alizokusudia zimfikie Harry, Ron anazila, na ukurasa mzima umeandikwa ili tucheke. Ukali wote huu umeuhifadhi kwa ajili ya fukara mmoja tu.

Baharia wa Tanga

Dada yangu, sijamtaja mtu wa nyumbani kwako, wala sikukusudia kuvunja ndoa ya yeyote. Nimezungumzia tendo. Geuza wahusika: mwanamume amleweshe binti kwa dawa, amtoroshe kwao, aishi naye miezi kadhaa na kumpa mimba, halafu tuombwe kumhurumia kwa kuwa utotoni alipigwa na baba yake. Nani kati yenu angekubali? Profesa Slughorn mwenyewe, mwalimu wa dawa za kichawi, anawaambia wanafunzi wake kwamba katika chumba chote kile hakuna dawa ya hatari kupita ile ya mapenzi. Kwamba mwandishi alicheka penginepo ni kosa la mwandishi, halimsafishi Merope.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, mimi vitabu hivi nilisomewa na wajukuu, kwa hiyo mambo ya dawa nawaachia nyinyi. Nitasema juu ya kifo, kwa kuwa naona mnalipita jambo ambalo mwenzenu aliliuliza waziwazi.

Kwa jinsi ilivyosimuliwa, binti yule alifika akiwa hajiwezi, akajifungua ndani ya saa moja, na saa iliyofuata akafa. Ninaijua saa hiyo. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua huanza kulalamika kuwa anasikia baridi, hata chumba kikiwa na joto. Huomba maji. Midomo inapauka, jasho linakuwa la baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio mpaka kidole hakiyashiki vizuri, na mara nyingi jambo la mwisho analouliza ni kama mtoto amelia. Kitabu hakisemi ni kitu gani kilichomuua, lakini mwili uliokaa na njaa na kutembea kwenye theluji hauna akiba ya kupoteza. Hata Uingereza yenyewe miaka ile ya 1920, katika kila uzazi 1,000 walikufa akina mama wapatao wanne, na hali haikubadilika sana hadi dawa za salfa zilipoanza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Kumwambia marehemu wa namna hiyo kwamba alichagua kifo ni kumwonea, na ninalisema hilo nikiwafikiria wanawake niliowafumba macho kwa mikono yangu.

Baharia wa Tanga

Bibi mkunga, heshima yako iko palepale. Lakini hao uliowahudumia hawakuwa wachawi. Harry analisema wazi: mama yule alikuwa na uchawi. Angeinua fimbo.

Kalamu ya Kisutu

Naomba tuishike hapo hoja ya fimbo, maana ndipo hukumu nzima iliposimama. Dumbledore anatoa maelezo mawili. Kwanza anadhani kwamba Merope, baada ya kuachwa, aliamua kutotumia tena uchawi kwa kuwa hakutaka tena kuwa mchawi. Kisha anaongeza kwamba yawezekana pia mapenzi yasiyorudishwa na kukata tamaa vilimnyonya nguvu zake, jambo ambalo anakiri hutokea kwa wachawi. Haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza likiwa kweli, kuna uchaguzi wa kujadiliwa. La pili likiwa kweli, hakukuwa na fimbo ya kuinua, kwa kuwa fimbo mkononi mwa aliyeishiwa nguvu ni kijiti. Mzee huyu hajui ni lipi kati ya hayo, na muda mfupi baadaye anatoa hukumu kana kwamba anajua.

Tutazame na ushahidi wenyewe umetoka kwa nani. Habari za kidani zinatoka kwa Burke, mfanyabiashara aliyempa mjamzito mwenye matambara Galleon 10 kwa mali ya mmoja wa waasisi wa Hogwarts, na ambaye anajisifu kwamba biashara nzuri kama ile hawakuwahi kuifanya. Habari za kifo zinatoka kwa Bi Cole, msimamizi wa kituo cha yatima, akizisimulia miaka mingi baadaye huku akinywa pombe ya jini aliyomiminiwa na Dumbledore. Habari za limbwata lenyewe, ndugu Baharia, ni makisio ya Dumbledore, naye hafichi kwamba anakisia. Merope hatumsikii karibu neno lolote. Tunachoambiwa kuwa alikisema ni kwamba mtoto aitwe Tom kwa jina la baba yake na Marvolo kwa jina la babu yake, na kwamba anatumaini atafanana na baba yake.

Pwani Kitabu

Samahani, mimi niliona filamu peke yake na huyo mama simkumbuki kabisa. Si ndiye aliyejirusha mtoni?

Kalamu ya Kisutu

Hapana, hakuna mto wala kujirusha popote. Na hukumsahau, kwani filamu ya mwaka 2009 iliziondoa kumbukumbu za akina Gaunt zote.

Mwana Mikindani

Nashukuru kwa michango, na nitamjibu Baharia kwa kuwa amenisukuma mahali panapofaa. Nakubali kwamba kumnyima mtu akili yake na kulala naye ni dhulma kubwa, na dhulma hiyo haina jinsia. Basi na ashtakiwe kwa hilo. Twende tukatafute ukurasa ambao Harry anakasirika kwa ajili ya Tom Riddle, au ambao Dumbledore anasema kijana yule alitendewa unyama. Hatutaupata. Limbwata linapitishwa kwa maelezo mepesi, tena inadokezwa kwamba Merope alimpenda mno hata akaacha kwa hiari yake kumnywesha, akitumaini kwamba angebaki kwa ajili yake au kwa ajili ya mtoto. Panapotajwa uchaguzi na kukosa ujasiri, shtaka ni kwamba alikufa. Kosa lililokuwa lake limeachwa, akahukumiwa kwa jambo ambalo huenda hakuwa na uwezo nalo.

Na kipimo alichopimiwa ni Lily. Lily aliambiwa na Voldemort asogee pembeni, akakataa, akafa, na kukataa kwake kukamkinga mwanawe. Ni ushujaa, sibishi. Lakini nafasi ile ya kusogea ilipatikana kwa sababu Snape, mfuasi wa Voldemort aliyempenda Lily, alikuwa amekwenda kwake kumwombea Lily uhai wake. Lily alikuwa na mume aliyetangulia kufa akimtetea, na marafiki waliokuwa tayari kufa kwa ajili yao. Hakuna aliyekwenda popote kumwombea Merope. Mwandishi mwenyewe, akijibu maswali ya wasomaji mwaka 2007, alisema kwamba kila kitu kingebadilika kama Merope angeishi na kumlea mwanawe kwa upendo. Kwa hiyo mzigo wa vita viwili alivyovianzisha Voldemort umewekwa juu ya mwanamke aliyekufa kabla mtoto wake hajamaliza saa moja duniani.

Mama Zuhura

Mwana Mikindani amesema, nami naongeza lile linalonichoma zaidi. Baba wa mtoto alikuwa hai, tajiri, katika jumba lililokuwa mlimani. Dumbledore anatamka kwamba hakujishughulisha hata kujua mwanawe alipatwa na nini, kisha anaendelea na mazungumzo. Neno la kukosa ujasiri halikumfikia.

Baharia wa Tanga

Dada, hapo ndipo tunapoachana kabisa. Unamtaka mtu aliyefungwa akili kwa dawa azinduke, akimbie, halafu arudi kulea tunda la kifungo chake? Bibi mkunga ameomba huruma kwa mwili uliochoka. Mimi naiomba kwa akili iliyoibwa.

Mkunga Mstaafu

Huruma hiyo nampa, mwanangu, na simtaki arudi kwa yule binti. Alikuwa na haki ya kukimbia. Ila kati ya kurudi na kutouliza kabisa pana nafasi kubwa, na wazazi wake walikuwa na fedha za kumlipa mtu akaulize kwa niaba yake. Mwaka 1926 mke aliyetelekezwa Uingereza aliweza kwenda kwa hakimu kuomba matunzo, lakini ilimpasa awe na nguvu za kufika huko. Kichanga hakiwezi kwenda kwa hakimu.

Baharia wa Tanga

Kuhusu kichanga sina ubishi nawe, bibi. Kuhusu kifo pia sitaliita tena chaguo mpaka nionyeshwe ni lipi kati ya maelezo mawili ya Dumbledore lililo la kweli. Kuhusu limbwata msimamo wangu ni uleule, na Mama Zuhura, nitaendelea kulitamka kwa jina lake.

Mama Zuhura

Litamke kwa jina lake, kaka, na Molly Weasley umtamke vilevile.