Kidatu: kwa nini wasiongeze reli ya tatu tu?

Kijana wa Mang'ula: Shikamooni wakubwa. Nimekulia karibu na Kidatu, pale reli ya kutoka Kilosa inapokutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mzigo ukifika hapo lazima uhamishwe behewa, maana upana kati ya reli mbili za njia moja ni milimita 1000 na wa nyingine 1067. Tofauti ni milimita 67 tu! Mataruma yaleyale yanayolazwa chini ya reli yangeshindwa kubeba reli ya tatu, ili treni za aina zote mbili zipite?

Mzee wa Gengi: Marahaba, mwanangu. Udogo wa hizo 67 ndio unaozuia. Nimegonga misumari ya reli miaka 22, na swali lako niliwahi kulijaribu kwa mikono. Tulilaza vipande viwili vya reli juu ya taruma moja, tukavisukuma kwa mtaimbo mpaka vitako vikagusana. Kitako cha reli kinapita milimita 100 kwa upana, kwa hiyo vichwa vyake haviwezi kusogeleana hadi 67. Na hata ungevichonga, ukingo wa gurudumu unaoning'inia upande wa ndani ungepita wapi? Ingekuwa SGR, ile reli mpya ya milimita 1435, na TAZARA ningekuambia sawa: 1435 toa 1067 ni 368, reli ya tatu inaenea vizuri.

Dada wa Oulu: Huku Finland ninakoishi wana 1524, majirani Sweden 1435. Tofauti 89, shida ileile. Kati ya Tornio na Haparanda wameweka reli nne. Nilisimama nikazitazama: kila upande zimekaa mbilimbili, njia moja imesogezwa kando kidogo ya nyenzake, zote juu ya taruma moja.

Kijana wa Mang'ula: Basi Kidatu waweke nne!

Mzee wa Gengi: Asante dada, ndivyo inavyofanywa. Lakini angalia, kijana: pale ni kipande kifupi cha kuvuka mpaka. Behewa la Kilosa likitaka kufika Kapiri Mposhi, mwisho wa TAZARA kule Zambia, litahitaji reli zake mbili njia nzima, na TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar. Mataruma marefu zaidi, madaraja na mahandaki ya kupimwa upya kwa sababu treni haipiti tena katikati. Na makutano ya njia! Panapochepuka, reli nne zinakatana kila mahali, na kila zinapokatana gurudumu linataka upenyo wake. Kontena lenyewe ni la kunyanyua tu, kutoka behewa hadi behewa. Kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa Kidatu 1998 kwa kazi hiyohiyo. Mimi ningepeleka fedha kwenye winchi.