Mjadala: Vichekesho vya filamu bubu vioneshwe kwa kasi gani?

Mtoa mada: Wadau, nazungumzia vichekesho vya Marekani vya miaka ya 1920 vyenye wauzaji wanyonge: karani wa kaunta ya vitambaa katika Safety Last! (1923), wachuuzi wa miti ya Krismasi katika Big Business (1929). Wengi huvionesha kwa fremu 24 (picha moja moja za filamu) kwa sekunde, kasi ya filamu zenye sauti. Napinga. Mpini wa kamera ulizungushwa kwa mkono takriban mara mbili kwa sekunde, kila mzunguko fremu nane, yaani 16. Ukiipitisha filamu hiyo kwa 24, watu wanatembea kama wanafukuzwa.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, 16 si amri. Kwenye vichekesho mpiga picha alipunguza mzunguko makusudi, akanasa fremu chache, ili vurugu ionekane ya kasi ikioneshwa, na kumbi nyingi zilionesha kwa kasi kubwa kuliko ya kamera. Tazama wanawake walivyomsonga Harold Lloyd, yule karani wa Safety Last!, pale kauntani, kila mmoja akivuta kitambaa. Ukipooza vurumai ile, umeua kichekesho. Tena kufikia 1929 kasi ya kamera ilishapanda, usiipe kipimo cha 1915.

Mtoa mada: Vurumai sawa. Na pale mlangoni katika Big Business je? Mwenye nyumba, James Finlayson, anafunga mlango, mti unanasa. Wachuuzi, Laurel na Hardy, wanabonyeza kengele tena. Kicheko kinatoka kwenye kule kutazamana kimya. Ukikimbiza, mtazamaji haoni hasira inavyopanda.

Mwendesha projekta: Hesabuni mashine pia. Rili (gurudumu la filamu) ya futi 1,000, upana wa milimita 35, ina fremu 16,000: kwa 24 ni dakika 11 na sekunde 7, kwa 20 ni dakika 13 na sekunde 20, kwa 16 ni dakika 16 na sekunde 40. Shata (kizibo kinachozunguka mbele ya mwanga wa projekta) ya mapanga mawili kwa 16 inatoa mimweko 32 tu kwa sekunde, picha inapepesa vibaya. Funga ya mapanga matatu upate 48. Kurudufu kila fremu ya pili ili 16 iwe 24 sishauri kabisa, mwendo unashtukashtuka. Kupata kasi, chagua tukio lisilo na kichekesho, mtu akitembea au kitu kikianguka, anza na 18, panda taratibu mpaka uzito wake uonekane wa kweli.

Mchangiaji wa pili: Kipimo hicho nakikubali. Ila kasi ikishapatikana ibaki moja rili nzima, usiibadilishe kila tukio. Aliyepunguza mzunguko kwenye vurugu alishafanya kazi hiyo ndani ya kamera, na mpiga kinanda anayeisindikiza filamu ukumbini anahitaji muda usioyumba.

Mtoa mada: Basi kwa Big Business nitaanza kupima na hatua zao wakielekea mlangoni, si na ile nyumba inapobomolewa.