"Nani atakuja kuiba huku Kondele?" NANI ATAKUJA??

SevaNaSamaki: Mnamjua. Fundi wa tovuti wa ghorofa ya pili, yule wa kofia. Saa hii tu, mbele ya wateja, kaulizwa mbona root (akaunti kuu) ya MySQL, hifadhidata yake, haina nenosiri. Jibu: "Nani atakuja kuiba huku Kondele?" Kana kwamba mwizi lazima apande matatu hadi Kisumu!

XAMPP (furushi la Apache, seva ya tovuti, pamoja na hifadhidata, la kujaribia kazi kwenye kompyuta yako) huja na root bila nenosiri, hiyo si dhambi yake. Dhambi ni kuiacha hivyo kwenye waifai ya jengo zima. Piga netstat -an uone: 0.0.0.0:80, yaani poti 80, mlango wa tovuti, iko wazi kwa mtandao wote; hata muuza smokie akiunganisha simu, yumo. Kwenye httpd.conf (mipangilio ya Apache), Listen 80 iwe Listen 127.0.0.1:80, yaani kompyuta yako pekee; na kwenye httpd-ssl.conf, Listen 443 iwe Listen 127.0.0.1:443. Kwenye my.ini (mipangilio ya MySQL), chini ya [mysqld], weka bind-address=127.0.0.1. Zima, washa. Maji ya ugali hayajachemka, umemaliza!

Yeye? Aliona "Require local" (kompyuta hii tu) ya phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, inamsumbua, akaandika "Require all granted", yaani kila mtu aingie. auth_type (njia ya kuingia) ameacha 'config' badala ya 'cookie', kwa hiyo huulizwi hata jina. Kisha akafungua poti 80 kwenye ruta "mteja aone kazi". NANI ATAKUJA! Roboti zinazowinda phpMyAdmin usiku kucha hazijui Kondele ni wapi, bwana!

OmenaKavu: Na wewe ulifuata usalama kwa mtu wa kofia 😂

Wa_Section58: Afadhali huyo. Wetu hapa Nakuru ni chmod -R 777 (kila mtu asome na aandike) kwa /var/www yote, folda ya tovuti, ati "ruhusa imekataa". Chown (badilisha mwenyewe) faili ziwe zako, folda 755, faili 644, uandike wewe tu, basi!

BodaBilaBreki: Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, mmeisahau. Ukiandika -p 8080:80 inaipita ufw (ukuta wa moto wa Linux) kama boda kwenye njia ya waenda miguu. Andika -p 127.0.0.1:8080:80.

Wa_Section58: Stima ikipotea MySQL ikakataa kuwaka, wetu hufuta ibdata1, faili kuu ya data yake. Ibdata1! Majedwali ya InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi data) kwaheri. Nakili folda ya data KWANZA, ndipo uguse kitu.

SevaNaSamaki: Jamani turudi kwa mada. NANI. ATAKUJA.

OmenaKavu: Hiyo ya stima imenigusa. UPS ya kushikilia desktop dakika kumi ni ngapi Kakamega?

BodaBilaBreki: Mpya ama ya betri imekufa? Kwa sababu kuna jamaa huko sokoni, mnamjua...