Rejista yasema 41, KHIS yasema 47, nishike ipi?

binti_kisauni: Asalaam aleikum wajuzi. Niko mwaka wa nne naandika risachi ya chanjo za watoto, nimepewa ruhusa dispensari moja hapa Mombasa (jina nabana). Nimehesabu Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti) ya mwezi mmoja kwa rejista ya chanjo, ile MOH 510, nimeshuka na rula mstari kwa mstari mara mbili, napata watoto 41. Kufungua KHIS, ule mfumo wa serikali wa data za afya, mwezi huo huo, 47! Supavaiza ataka nambari moja. Hawa sita wametoka wapi, ama kuna mtu apika data?

karani_wa_rekodi: Waleikum salaam dadangu. Usikimbilie kusema watu wapika. KHIS haisomi rejista. Siku ya kliniki nesi yuko peke yake na foleni yafika getini, akidunga mtoto akata kisufuri kimoja kwa tali shiti (karatasi ya kuhesabia, MOH 702), rejista asema ntajaza jioni, na jioni yenyewe waijua. Mwisho wa mwezi ni vile visufuri vyajumlishwa kuingia MOH 710, ile ripoti ya mwezi inayoingizwa KHIS, na ripoti yatakiwa sabkaunti tarehe 5, so ni mbio mbio. Omba tali shiti, kama hazijafungiwa mahamri 😅

wa_feri: Na wageni je? Nilifanya kazi Likoni, mama atoka Kwale aja kukaa kwa mamake, wiki ya 14, ya Penta 3, yamkuta huku mtoto achanjwa huku. Rejistani yuko kule alikoanzia, kwa tali yuko kwetu. Ndo maana kuna vituo vyapita asilimia 100 ya watoto wanaotarajiwa, idadi hiyo yakisiwa kutoka sensa ya 2019, na sensa haijui nani kaja kwa mamake.

binti_kisauni: Sasa niandike ipi?

karani_wa_rekodi: Zote, na useme kila moja umeitoa wapi. Hao sita ndo risachi yenyewe sasa. Supavaiza akikataa mlete siku ya kliniki ashike foleni. Na usinakili majina ya watoto wala simu za mama zao, kuna sheria ya data ya 2019.

binti_kisauni: Nimerudi. Tali shiti yatoa 45 😭 na moja imemwagikiwa chai

karani_wa_rekodi: Wawili tu wamebaki. Uliza kama mwezi ule walitoka autirichi (kwenda kuchanja nje ya kituo), shiti yake huwekwa kando, mara nyingi imo ndani ya kile kisanduku cha kubebea chanjo.